Baiskeli Haiendi Tupu

Kituo kilikuwa penye kibanda cha maji, pale njia ya mchanga ya Utange inapoingia kwenye lami. Nasema kituo, ingawa mimi sikuweka kituo. Mimi niliweka mazoezi ya baiskeli. Kituo kilijiweka chenyewe, na kila Jumamosi asubuhi nilipowaona kwa mbali, watu wamesimama na vikapu vyao wakitungoja sisi, nilitamani kugeuza nirudi kulala.

Aliyeniingiza humo ni muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Utange. Tulikaa naye dawati moja sekondari. Yeye aliendelea na masomo. Mimi baada ya kidato cha nne niliendelea na barabara. Nimefanya kazi Lamu, Tanga, Voi, Lunga Lunga, nikarudi, nikaondoka tena. Sijawahi kununua kabati kwa sababu kabati halibebeki. Kitu ambacho sikukikosa popote nilipokwenda ni baiskeli. Basi safari hii niliporudi Kisauni na kupanga chumba nyuma ya zahanati yake, muuguzi alikuja kukaa mlangoni pangu, akaitazama baiskeli kabla ya kunitazama mimi.

Kampuni moja ya Changamwe, alisema, imeandaa msafara wa baiskeli wa hisani. Zahanati za Likoni, Kisauni na Changamwe zitoe kila moja kundi la watu wanane. Kundi litaanzia penye zahanati yake, lipite njia iliyopangiwa, na likifika bohari ya kampuni kabla ya geti kufungwa saa nne asubuhi, zahanati itapewa tuktuk ya kubebea wagonjwa.

"Lakini lifike kamili," alisema. "Wote wanane, kila mtu na baiskeli yake. Akikosekana mmoja, tumekosa."

Hakuwa na haja ya kunieleza tuktuk ni ya nini. Utange niliyoijua mimi nilipokuwa msichana wa sekondari ilikuwa mikorosho na mihogo, na nafasi ya kugeuza hata lori. Sasa nyumba zimesogeleana hadi mtu akipiga chafya jirani anamwitikia. Gari la wagonjwa husimama kwenye lami, basi. Mama mwenye uchungu hufikishwa hapo kwa mkokoteni wa maji, mitungi imeteremshwa na godoro limepandishwa, na muuguzi akikimbia kando ameshika dripu juu.

"Yule wa mwisho hakufika lami," aliniambia. "Mimi sitaki kukimbia na mkokoteni tena."

Nikasema nitalifundisha kundi. Nilidhani kazi itakuwa kufundisha.

Wanane tukapatikana, mimi nikiwa mmojawapo. Nitaeleza watatu tu, kwa kuwa hao ndio walionizeesha. Wa kwanza alikuwa karani wa mahakama ya Shanzu, kijana wa bara, mwenye baiskeli nyembamba kama panzi, kaptura ya kubana, na simu iliyofungwa kwenye usukani ikimweleza kasi yake, mapigo ya moyo wake na nadhani hata dhambi zake. Wa pili alikuwa dobi wa hoteli, mama wa makamo, mchache wa maneno. Alishona mfuko kwa foronya kuukuu, akatia spana, pampu, viraka na vipande vya cheni, akaufunga kwenye keria ya baiskeli yake. Mfuko huo ndio uliokuwa hospitali ya kundi zima.

Wa tatu alikuwa muuza mkate. Kila alfajiri alisambaza mikate madukani kwa baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria pana kama meza. Miguu yake ilikuwa miguu ya kuvuta lori. Nilipomwona nilimshukuru Mungu, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jumamosi ya kwanza niliwapanga mbele ya zahanati nikawapa sheria moja: hatusimami. Tunatoka hapa, Shanzu, daraja la Mtwapa, tunageuka, tunarudi. Hata kabla hatujashika lami nikageuka kuwahesabu, nikaona saba. Muuza mkate alikuwa ameshuka penye kibanda cha maji, mbele ya bibi mmoja mwenye kikapu cha mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wendapi asubuhi yote hii?"

"Shanzu na mbele."

"Ee! Si ndiyo njia yangu? Ngoja nijifunge leso vizuri."

Nikarudi mbio. "Bibi, samahani sana. Haya ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kuendesha baiskeli."

Bibi akamtazama muuza mkate kwa huruma. "Huyu hajui kuendesha?"

"Anajua."

"Sasa wamfundisha nini?"

Nilipopata jibu la kumpa mtu mzima, bibi alikuwa ameshakaa upande upande juu ya keria, kikapu mapajani, na muuza mkate alikuwa ameshakanyaga pedali. Alimshusha karibu na mahakama ya Shanzu, mahali anapouzia mboga, akatukuta darajani hata jasho hana.

Nilimvuta pembeni. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Dada kocha, jirani akikuletea chakula, sahani yake waweza kuirudisha tupu?"

"Sahani imeingiaje hapa?"

"Huirudishi tupu. Hata ukiwa huna kitu, utatia chumvi. Na baiskeli ni hivyo hivyo. Keria iko tupu, mtu aenda huko huko, mimi nimpite? Nitamwambia nini nikikutana naye kesho?"

"Utamwambia ulikuwa mazoezini!"

"Atasema mazoezi yamenifanya mbaya."

Jumamosi ya pili bibi alikuwa pale pale, na mwenzake. Mwenzake alipanda keria ya dobi, mfuko wa spana ukasogezwa, na dobi, ambaye nilimtegemea, hakusema neno ila, "Ni jirani ya shangazi yangu." Jumamosi ya tatu kulikuwa na watu wanne na kuku. Ya nne walikuwa wamejipanga. Wenye safari ya Bamburi walikaa upande wao, na kulikuwa na mama aliyetaka kujua kama gunia la makaa linahesabiwa kama mtu. Mwanamke mwingine, ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu, alinikazia macho akasema, "Wiki jana mlichelewa."

"Sisi hatuchelewi, mama. Sisi si gari!"

"Ndiyo nasema. Mngekuwa gari ningejua saa yenu."

Karani alikuwa upande wangu, lakini upande wake ulinichosha vilevile. "Kocha, manze, hii ni training ama ni stage ya matatu?" aliniuliza mbele ya watu. "Cheki simu. Leo tumepitwa na punda."

Naye hawakumwacha. Baiskeli yake haikuwa na keria, na hilo lilikuwa jambo la kushangaza pale kibandani kila wiki. Bibi aliizunguka, akaipapasa nyuma ya kiti.

"Hii nusu nyingine umeiuza?"

"Ni racing, nyanya."

"Maskini. Na mkeo humbeba wapi?"

"Bado sijaoa."

"Utaoaje na baiskeli hii?"

Watu wakacheka hadi mwenye kibanda akasahau kufunga bomba. Hata dobi alicheka. Mimi nilikuwa natazama jua likipanda, nawaza geti la Changamwe, na rafiki yangu muuguzi ambaye kila Jumamosi jioni aliniuliza, "Wanaendeleaje?" nami namjibu, "Vizuri," kwa sauti ya mtu aliyemeza pilipili.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba muuza mkate alikuwa na haja ya tuktuk ile kuliko sisi sote. Mkewe alikuwa mjamzito, na nyumba yake iko ndani kabisa, mahali ambapo hata mkokoteni hupita kwa kuinamishwa. Siku moja uvumilivu uliniisha. Alikuwa amekaa barazani pa zahanati akimsubiri mkewe apimwe, nikamsimamia.

"Mkeo yuko humo ndani. Siku yake ikifika atabebwa na nini? Na wewe unakwenda kubeba mchicha!"

Hakukasirika. Aliishika keria ya baiskeli yake iliyoegemea ukuta, akaitikisa. Haikutikisika.

"Waiona? Imechomelewa. Zamani ilikuwa ya nati, kama zenu. Mimba ya kwanza nilimbeba mke wangu juu yake hadi lami, na nati zilikuwa zikicheza. Kila shimo analia, nami nasikia chuma kikilia. Tulifika. Kesho yake nilikwenda kwa fundi nikamwambia achomelee, isitoke tena." Akanitazama. "Siku hiyo nilipita watu, dada kocha. Nami niliomba msaada pale lami, nikapitwa pia. Gari mbili. Sasa mimi mtu akisimama njiani siwezi."

Mkewe akatoka, akampakia. Lakini nisije nikasema kwamba moyo wangu ulilainika. Nilimwelewa, na kumwelewa kulinikera zaidi, maana mtu usiyemwelewa angalau unaweza kumlaumu.

Basi Jumamosi ya mwisho kabla ya msafara nilitoa amri. Kila mtu afungue keria aiache nyumbani. Bila keria, hakuna pa kukaa mtu. Bila pa kukaa mtu, hakuna maamkizi, hakuna leso, hakuna kuku. Niliona nimefanya jambo la akili sana. Watu wakaanza kufungua nati, wananung'unika. Muuza mkate akasema yake haitoki.

"Ikate!"

"Nitabebea nini mkate kesho?"

Tulikuwa katikati ya ubishi huo dobi aliponiuliza jambo kwa nyuma. "Na mfuko?"

"Toa kila kitu," nilisema bila kugeuka. "Kila kitu. Nataka baiskeli nyepesi."

Akaufungua mfuko wa foronya akaupeleka ndani ya zahanati.

Siku ya msafara tulitoka mapema, wanane, wepesi kama vishada, isipokuwa muuza mkate na meza yake. Nilikuwa nimeapa kwamba kibandani tutapita kama upepo. Na tulipokaribia, wallahi, kulikuwa na watu kuliko siku zote. Bibi alikuwa mbele, amevaa leso mpya, ameshika kikapu.

"Msisimame!" nilipiga kelele. "Msisimame!"

Wakasimama. Wote. Hata karani, ambaye hana pa kumweka mtu, alishusha mguu chini. Ilikuwa imeshawaingia mwilini, kama punda wa maji anavyosimama mwenyewe mlangoni pa mteja.

Bibi alitutazama kwa mshangao. "Mbona mwasimama?"

"Bibi, si unakwenda Shanzu?" akauliza muuza mkate.

"Leo siendi popote! Twaja kuwaona mkipita. Sasa tutawaonaje mkipita na nyinyi mmesimama?" Akapiga makofi. "Piteni! We mtoto," akanigeukia mimi, mwenye miaka arubaini na kitu, "hawa umewafundisha nini miezi yote hii?"

Tukapita. Vigelegele vilitusindikiza hadi kwenye lami, na kutoka hapo, lazima niseme kweli, sikuamini macho yangu. Watu waliozoea kukanyaga pedali na bibi, kikapu na kuku nyuma yao, walipoachiwa baiskeli tupu waliondoka kama wametoroka jela. Tukafika daraja la Mtwapa, tukageuka, tukapita Bamburi, Kisauni, tukavuka daraja la Nyali, tukakata kisiwani hadi Makupa. Karani alikuwa akisoma simu yake kwa sauti, ameanza kuipenda. Tulikuwa na muda. Nilianza hata kupiga mluzi.

Changamwe ndiko nilikozaliwa. Baba alitoka bara kufanya kazi bandarini, akanunua baiskeli kabla ya kununua kitanda. Alinipitia shuleni akitoka kazini, akanipakia kwenye keria, na mlima ule wa kutoka Makupa hakuniambia hata siku moja nishuke. Malori ya mafuta yalitupita yakinguruma, nami nimeshika shati lake lililolowa, natazama kando, nikihesabu matangi makubwa ya mafuta yaliyojengwa huko. Kuhama kwangu kote nadhani kulianzia hapo juu ya kile chuma, kwa vile nilifundishwa mapema kwamba dunia hupita yenyewe ukikaa tu. Nilikuwa nayawaza hayo, nimesimama juu ya pedali katikati ya mlima ule ule, cheni yangu ilipokatika.

Nilisikia mlio mdogo, kisha miguu yangu ikazunguka bure kama ya mtu anayeota.

"Mfuko!" nilimwita dobi. "Lete mfuko!"

Dobi akasimama. Akanionyesha nyuma ya kiti chake, palipokuwa patupu. Spana nyumbani. Pampu nyumbani. Vipande vya cheni nyumbani, ndani ya foronya, juu ya kabati la muuguzi. Lori likapita likatupigia honi ndefu, nami nikalipigia kelele pia, kwa kuwa lilikuwa kitu pekee pale nilichoweza kukigombeza.

Karani akasoma saa. Hakuna haja ya kusema ilibaki kiasi gani. Uso wake ulisema.

"Nendeni," nikasema. "Nitatembea."

"Saba hawahesabiwi," akasema karani. "Kocha, ni wanane."

Muuza mkate alikuwa ameshageuza baiskeli yake. Akaipapasa keria kwa kiganja, kama mtu anayemfutia mgeni kiti vumbi.

"Panda, dada kocha."

"Huwezi. Huu ni mlima."

"Wewe na bibi na kikapu chake, nani mzito?"

Sitajibu swali hilo hapa. Nikapanda. Dobi akaishika baiskeli yangu kwa mkono mmoja akiikokota kando yake, karani akaisukuma kwa nyuma kila ilipoyumba, analalamika kwa lugha tatu. Chuma kilinikata mapaja. Nilimshika muuza mkate shati, na shati lilikuwa limelowa. Nilifoka njia nzima: nendeni kushoto, angalia shimo, si huko. Matangi yalikuwa yakipita kando, mengine mapya, mengine yale yale, nikayatazama kwa sababu mtu aliyepakiwa hana pengine pa kutazama.

Karibu na bohari nikateremka, nikaipanda baiskeli yangu isiyo na cheni, wakanisukuma mgongoni kwa mikono miwili, wa dobi na wa karani. Msimamizi wa geti alikuwa ameshaanza kulivuta. Akaacha, akatuhesabu kwa kidole. Kidole kikarudi kwangu.

"Wewe umefikaje bila cheni?"

"Kwa watu," akasema muuza mkate, anahema.

Msimamizi aliitazama ile keria, akanitazama nilivyojishika mapaja, akacheka hadi akakohoa. Kisha akalifungua geti. Wanane, na baiskeli nane.

Tuktuk ilichukua muda wake kuja, kwa sababu ya rangi, kisha kwa sababu ya karatasi, kisha kwa sababu hakuna aliyejua sababu. Ilikuja. Muuguzi aliniuliza nani aiendeshe. Nikamwambia, mchukue yeyote, chukua hata karani, ila usimchukue muuza mkate, utajuta. Akamchukua muuza mkate, eti anajua kila kichochoro. Abiria wake wa kwanza alikuwa mkewe mwenyewe. Walipita penye kibanda cha maji mchana kweupe, muuguzi amekaa nyuma, mikono yake haikushika kitu isipokuwa mkono wa mama yule. Mtoto ni wa kike, mnene, ana sauti.

Wiki ile ile nilikuwa natoka kwa fundi nimeshika keria mpya, nimeshaamua kwenda Lamu kwa muda, nikaiona tuktuk inarudi kutoka Shanzu. Ikasimama mbele yangu, penye kibanda cha maji. Juu ya machela ya wagonjwa, safi, iliyofunikwa plastiki, kulikuwa na vikapu vitatu vya mchicha uliobaki bila kuuzwa, na kando yake bibi.

Nilipaza sauti hadi mwenye kibanda akatoka. Nilisema hii ni ya wagonjwa. Nilisema tuliitolea jasho. Nilisema ninakwenda kumwambia muuguzi sasa hivi.

"Mgonjwa nimeshamfikisha," akasema muuza mkate. "Ilikuwa inarudi tupu, dada kocha."

Bibi alikuwa akikitazama kile chuma mkononi mwangu. "Hiyo ya nini?"

"Ya kufungia begi langu. Nasafiri."

"Begi tu?" Akasogeza kikapu kimoja, akanipigapigia nafasi. "Chuma chote hicho kwa begi tu. Panda, we mtoto, twaenda huko huko."

Nikapanda, na ugomvi tukaendelea nao ndani.